Utafiti wa hisabati tupu: maswali ninayoulizwa kila mara

Ninafundisha aljebra chuo kikuu, na sehemu ya kazi yangu ni utafiti. Kila nikilitaja hilo neno la pili, iwe msibani, kwa kinyozi au kwenye foleni ya benki, maswali huanza, na huwa ni yale yale. Nimeona niyajibu mara moja kwa maandishi. Mengine yameulizwa na wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaofikiria kuendelea, mengine na ndugu zangu ambao wameshanikatia tamaa.

Hisabati "tupu" maana yake nini? Haina kitu ndani?

Ni tupu kama wali mtupu. Sahani imejaa, ila hakuna mboga. Mhandisi anakula hesabu pamoja na daraja lake, mchumi anakula pamoja na bei ya mahindi. Sisi tunakula wali wenyewe. Tunachunguza namba, maumbo na mifumo ili tuvielewe vyenyewe, bila kusubiri mtu atuambie vitatumika wapi. Wapo wanaosema "hisabati safi". Silipendi jina hilo, maana linawafanya wenzetu wa takwimu waonekane wachafu.

Hesabu si zilishamalizwa zamani na Wagiriki?

Hili ni swali la shangazi yangu. Aliuliza, "Kwani mbili na mbili zimebadilika?" Hazijabadilika, shangazi. Lakini chukua namba shufwa yoyote kuanzia 4. 10 ni 3 na 7. 28 ni 5 na 23. 100 ni 3 na 97. Kila moja ni jumla ya namba tasa mbili. Je, itakuwa hivyo daima, hata kwa namba isiyoandikika kwenye karatasi yote iliyopo duniani? Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler barua kuhusu jambo hili mwaka 1742. Mpaka leo hakuna aliyelithibitisha wala aliyeliangusha. Mtoto wa darasa la sita analielewa swali. Jibu hana hata profesa mmoja.

Maswali yaliyo wazi ni mengi kuliko watu wa kuyashughulikia, ingawa mengi hayaelezeki kwa urahisi wa hili. Kwenye arXiv, hifadhi ya makala iliyoanzishwa mwaka 1991, makala mpya za hisabati huingia kwa maelfu kila mwezi.

Sasa ukifika ofisini asubuhi, unafanya nini hasa?

Kwanza ninafundisha, ninasahihisha, ninahudhuria vikao. Utafiti unapata kilichobaki, na kwa wengi wetu huku kinachobaki ni usiku na likizo.

Huo muda ukipatikana, sehemu kubwa ni kusoma. Makala ya hisabati haisomwi kama gazeti. Ukurasa mmoja unaweza kumaliza siku nzima, kwa sababu mwandishi ameandika "ni dhahiri kwamba" na wewe unakaa saa tatu kuutafuta huo udhahiri. Sehemu nyingine ni kuandika mifano midogo kwenye daftari, kuangalia inafanya nini, kukisia, kujaribu kuthibitisha, kushindwa, kurudi kwenye mifano. Watu hudhani tunazidisha namba ndefu. Mimi naweza kupitisha wiki nzima bila kukutana na namba kubwa kuliko 12.

Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2014, alikuwa akitandaza karatasi kubwa sakafuni na kuchora maumbo yanayofanana mara kwa mara, mpaka binti yake mdogo akawa anasema mama anapaka rangi. Picha hiyo ni ya kweli kuliko ile ya sinema ya mtu mwenye nywele timutimu mbele ya ubao uliojaa alama.

Kwa anayetazama kutoka nje, kazi hii inafanana sana na kukaa bure. Nyumbani kwangu, miaka ya mwanzo, nikiwa nimeukodolea macho ukuta nilitumwa dukani. Siku hizi wananipita tu.

Toa mfano mmoja ambao mtu wa kawaida ataufuata.

Tuchukue bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na sheria zake ni nyingi. Mtafiti hataligusa bao lote. Atalipunguza na kulipunguza mpaka abaki na kitu kidogo ambacho bado kina swali ndani yake.

Basi weka mashimo kwenye duara. Chota kete zote za shimo moja, uzigawe moja moja kwenye mashimo yanayofuata. Pale ilipoangukia kete ya mwisho, chota zote zilizomo, pamoja na hiyo ya mwisho, uendelee. Barazani, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu unalala. Hapa tumefuta kulala: kama imo moja tu, unaichota hiyo moja na kwenda nayo. Mchezo hauna mwisho, hauna mshindi, na hauna mpinzani. Swali ni moja: je, mpangilio ulioanza nao utarudi?

Usifikirie mashimo 32. Fikiria matatu, A, B na C, yenye kete 2, 1 na 0, na mkono unaanzia A. Unachota 2 kutoka A, unaweka moja B na moja C. Sasa ni 0-2-1, mkono uko C. Unachota hiyo moja, inaangukia A: 1-2-0. Kisha 0-3-0, mkono uko B. Kisha 1-1-1, mkono bado uko B, kwa sababu kete tatu zimezunguka duara zima. Kisha 1-0-2. Kisha, hatua ya sita, 2-1-0. Imerudi!

Imerudi kweli? Tulianza na mkono uko A. Sasa mkono uko B. Ukiendelea kutoka hapa hutapita njia uliyopita mwanzo. Kwa hiyo lazima tuamue: tunaposema "kurudi" tunahesabu kete peke yake, au kete na mahali mkono ulipo? Hakuna kitabu cha kukuamulia. Unaamua mwenyewe kwa kuangalia ni fasili ipi inayokupa jambo la kweli na la kueleweka. Kazi hii ya kuchagua fasili haionekani kabisa kwenye makala iliyokamilika, nayo, kwa maoni yangu, ndiyo nusu ya utafiti. Sisi tuseme "hali" ni kete pamoja na mkono. Ukifuata kwa uvumilivu utaona hatua ya 15 inarudisha 2-1-0 na mkono uko A. Chukua karatasi ujihakikishie; mimi ninasubiri.

Sasa, je, hurudi daima, kwa mashimo yoyote na kete zozote? Ukijaribu mifano kumi yote itarudi, nawe hutajua kwa nini. Ufunguo ni kuuliza swali kinyumenyume: nikikuta bao limeachwa na mkono uko mahali fulani, naweza kujua hatua iliyotangulia? Naweza. Nianze pale ulipo mkono nirudi nyuma, nikiokota kete moja kutoka kila shimo, mpaka nifike kwenye shimo tupu. Hilo ndilo lililochotwa, na kete zote nilizookota ni zake. Siwezi kukosea njia, maana kila shimo lililopitwa lilipewa angalau kete moja. Kwa hiyo kila hali ina mzazi mmoja, hana wa pili.

Idadi ya hali ina kikomo, kwa hiyo ukitembea bila kusimama lazima siku moja ukanyage hali uliyokwisha kuikanyaga. Ya kwanza kukanyagwa mara ya pili ni ipi? Ingekuwa ya katikati ya safari, ingekuwa na wazazi wawili: yule tuliyetoka kwake mara ya kwanza na huyu tunayetoka kwake sasa. Tumeshaona hilo haliwezekani. Basi ni ile ya mwanzo, ambayo mzazi wake tulikuwa hatujamwona. Imekwisha. Mashimo yawe 3, yawe 32, yawe milioni moja, mpangilio utarudi, na hatukuhitaji kuugawa hata mmoja.

Huo ndio uthibitisho. Si ugunduzi wangu, ni zoezi la zamani, lakini umbo lake ni lile lile la kazi kubwa: kupunguza, kujaribu kwa mkono, kugundua kwamba fasili ina tundu, kuiziba, kisha kugeuza swali.

Na utafiti wenyewe unaanzia hapa. Kwa mashimo 3 na kete 3, hali ambazo mkono uko kwenye shimo lenye kitu ni 18. Safari yetu ilipita 15. Zile 3 zilizobaki ziko wapi? Anza na 1-2-0, mkono uko B: inakwenda 2-0-1, kisha 0-1-2, kisha inarudi. Kwa nini 15 na 3? Kwa mashimo mengine mgawanyo utakuwaje? Mzunguko mrefu kuliko yote una urefu gani? Jibu moja limezaa maswali matatu, na yote ni magumu kuliko lililoyazaa.

Kwa nini msitosheke kompyuta ikijaribu mara bilioni?

Kwa sababu namba zina ujanja. Chukua n, izidishe kwa yenyewe, ongeza n, ongeza 41. Ukianza na n ikiwa 0 unapata 41, namba tasa. Kwa 1 unapata 43, tasa. Kwa 2 unapata 47, tasa. Endelea mpaka 39, zote ni tasa, mara 40 mfululizo. Kwa 40 unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41. Aliyeweka dau baada ya majaribio 40 amelala njaa.

Arobaini ni kidogo, utasema. Mwaka 1919 George Pólya alitazama namba kwa idadi ya vigawo vyake tasa: 12 ni 2 mara 2 mara 3, vigawo vitatu, witiri, 10 ni 2 mara 5, viwili, shufwa. Kuanzia 2 na kuendelea, popote ukisimama, zenye idadi ya witiri zilionekana hazizidiwi kamwe na zenye idadi ya shufwa. Mwaka 1958 Brian Haselgrove alionyesha kwamba dai hilo lazima lianguke mahali fulani. Mwaka 1980 ikajulikana linaanguka wapi kwa mara ya kwanza: kwenye 906,150,257. Kabla ya hapo ni zaidi ya milioni mia tisa za ushahidi mzuri, na dai ni la uongo.

Swali la utafiti mnalipata wapi?

La kwanza unapewa na msimamizi wako, kama fundi anavyompa mwanafunzi wake mguu wa kiti. Mengine yako mwishoni mwa makala za watu, au yanatokea kwenye semina pale mzungumzaji anaposema "hapa sijui" na kupita haraka. Wakati mwingine umejaribu kuthibitisha jambo ukashindwa, na sababu ya kushindwa ndiyo inayokuwa swali zuri kuliko la awali. Ukiwa na mfuatano wa namba usiouelewa, ipo kamusi ya mifuatano mtandaoni, iliyotokana na mkusanyiko aliouanza Neil Sloane mwaka 1964. Unaandika namba zako tano sita, nayo inakuambia nani mwingine amewahi kukutana nazo. Mara nyingi ni mtu wa tawi jingine kabisa, na hapo siku yako inakuwa njema.

Mnakwama kwa muda gani?

Karibu wakati wote. Kukwama ndiyo hali ya kawaida ya kazi hii, na anayeingia akidhani ni ugonjwa hukimbia mwaka wa pili.

Mfano unaojulikana ni wa Andrew Wiles. Pierre de Fermat alikuwa ameandika dai lake pembeni ya kitabu mnamo mwaka 1637: kwamba kipeo n kikizidi 2, hakuna namba kamili chanya a, b na c ambazo aⁿ + bⁿ = cⁿ. Wiles alilishughulikia kwa takriban miaka saba, karibu kimyakimya, akatangaza uthibitisho huko Cambridge Juni 1993, magazeti ya dunia yakaandika. Kisha wahakiki wakakuta pengo. Alihangaika nalo zaidi ya mwaka mzima huku dunia ikimtazama, akimshirikisha mwanafunzi wake wa zamani, Richard Taylor, mpaka Septemba 1994 pengo lilipozibwa. Makala zilichapishwa 1995.

Langu ni dogo na halikuandikwa gazetini. Nilikuwa na makala ya kurasa 19 kuhusu makundi fulani ya aljebra, nimeshaituma jaridani, nimeshawaambia watu. Jioni moja nimesimama kwenye mwendokasi, nimeshika bomba, mkoba wa mtu uko mbavuni mwangu, nikauona ukurasa wa 11 akilini kama uliobandikwa kwenye kioo cha dirisha. Nilikuwa nimeandika ab mahali palipopaswa kuwa ba. Kwa namba za kawaida hakuna tofauti. Katika makundi yale tofauti ni ile ya kuosha mchele kisha kuupika, na kuupika kisha kuuosha. Kila kilichofuata baada ya ukurasa huo kilitegemea huo mstari. Niliwaandikia jaridani usiku ule ule kuiondoa. Baada ya miezi minane niliokoa kurasa saba, na dai dogo kuliko la mwanzo. Hizo saba ndizo zilizochapishwa, na ninazipenda kuliko zile 19.

Nani anahakikisha kwamba uthibitisho ni sahihi?

Jarida hutuma makala kwa wahakiki, ambao ni watafiti wenzako wanaofanya hivyo bila malipo, na bila haraka. Mwaka mzima kusubiri si ajabu. Wao pia ni binadamu. Mwaka 1879 Alfred Kempe, Mwingereza, alichapisha uthibitisho kwamba ramani yoyote inaweza kupakwa rangi nne tu bila nchi mbili zinazopakana kufanana. Ulikubalika kwa miaka 11, mpaka Percy Heawood alipoonyesha kosa lake mwaka 1890. Dai lenyewe lilikuwa la kweli, uthibitisho ndio uliokuwa mbovu. Ulio mzima ulikuja mwaka 1976.

Kuna kisa kingine ninachokipenda. Mwaka 1998 Thomas Hales alitangaza amethibitisha kwamba namna bora ya kupanga mipira inayolingana, ili nafasi inayobaki iwe ndogo kabisa, ni ile ile wanayopangia machungwa wauza matunda sokoni. Uthibitisho ulikuwa wa mamia ya kurasa pamoja na programu za kompyuta. Wahakiki 12 waliufanyia kazi kwa miaka, wakasema wana uhakika wa asilimia 99. Kwa mwanahisabati asilimia 99 ni tusi. Hales akakusanya watu, wakauandika upya uthibitisho wote kwa lugha ambayo kompyuta inaweza kuukagua mstari kwa mstari, wakamaliza mwaka 2014.

Akili mnemba haitawaondoa kazini?

Kompyuta tumeishi nayo muda mrefu. Ule uthibitisho wa rangi nne wa 1976, wa Kenneth Appel na Wolfgang Haken, ulitegemea kompyuta, na wengi walinuna. Siku hizi kuna lugha za kompyuta kama Lean ambazo watafiti huziandikia uthibitisho ili zikague. Mwaka 2024 mifumo ya Google DeepMind ilifikia kiwango cha medali ya fedha kwa maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, jambo ambalo miaka michache kabla nisingelitegemea.

Lakini maswali ya mashindano yana sifa moja: aliyeyatunga anajua jibu lipo na ni fupi. Huku kwetu hujui kama swali lina jibu, wala kama ndilo swali la kuuliza. Wanafunzi wangu huniletea uthibitisho ulioandikwa na programu, lugha imenyooka, na katikati kuna mstari mmoja wa uongo uliovaa suti. Kuutafuta huo mstari kumekuwa zoezi zuri la semina.

Faida yake ni nini kwa mwananchi?

Mwaka 1917 Johann Radon, Mwaustria, alithibitisha kwamba ukijua jumla ya kitu kwenye kila mstari unaokikata, unaweza kukijenga upya chote. Haikuwa na kazi yoyote. Katikati ya miaka ya 1950 Allan Cormack, mwanafizikia wa Afrika Kusini, alikuwa akisimamia mambo ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Akajiuliza kama eksirei zinazopita mwilini pande nyingi zinaweza kuonyesha kilichomo ndani. Hakujua habari za Radon, akaitengeneza hesabu hiyo upya mwenyewe. Mwaka 1971 mgonjwa wa kwanza alipigwa CT scan jijini London, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Kutoka makala ya Radon ni miaka 54. Cormack na Hounsfield walipewa Nobel ya tiba mwaka 1979. Radon alikuwa amefariki mwaka 1956.

Sasa niseme ukweli ambao hauandikwi kwenye maombi ya ruzuku. Sehemu kubwa ya tunayoyathibitisha haitamtibu mtu wala kujenga daraja. Nikikuambia makundi yangu ya aljebra yatakuwa na matumizi baada ya miaka 54, ninabahatisha. Ninayafanya kwa sababu yako hivyo yalivyo na nataka kujua kwa nini. Anayeona sababu hiyo haitoshi, simlaumu, na kazi nyingine za hesabu zipo tele.

Lazima uwe kijana na uwe na kipaji cha ajabu?

Medali ya Fields hutolewa kwa wasiozidi miaka 40, na hilo limewapotosha wengi. Yitang Zhang alikuwa amepita miaka 50, mhadhiri asiyejulikana katika chuo kikuu cha New Hampshire, Marekani. Alipokosa kazi ya chuo baada ya shahada ya uzamivu aliwahi kufanya kazi ya hesabu za mauzo kwenye mgahawa wa Subway. Mwaka 2013 alithibitisha kwamba jozi za namba tasa zilizoachana kwa chini ya milioni 70 haziishi, hata uende mbali vipi. Milioni 70 inasikika kubwa, lakini kabla yake hapakuwa na kikomo chochote kilichothibitishwa. Ndani ya mwaka mmoja wengine, akiwemo James Maynard na kundi lililofanya kazi kwa pamoja mtandaoni, walikuwa wamekishusha mpaka 246. Wanataka kifike 2, kama 11 na 13, au 17 na 19. Bado.

Kipaji kinasaidia. Kuvumilia kuonekana mjinga mbele ya watu kwenye semina kunasaidia zaidi.

Nataka kuifanya. Nianzie wapi, na nani analipa?

Shahada ya kwanza ya hisabati, uzamili, kisha uzamivu wa miaka mitatu mpaka mitano, mara nyingine zaidi. Mshahara kwa kawaida ni wa kufundisha, na utafiti umo ndani yake kama sukari kwenye chai ya mtu mwingine. Kwa anayetoka Afrika Mashariki kuna milango inayofaa kugongwa: AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanza Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003 na ina kituo Kigali, ICTP, taasisi ya kimataifa ya fizikia ya nadharia na hisabati ya Trieste, Italia, aliyoianzisha Abdus Salam wa Pakistan mwaka 1964 kwa ajili hasa ya wanasayansi wa nchi zetu, na shule fupi za CIMPA (shirika la Ufaransa la kukuza hisabati katika nchi zinazoendelea), ambazo huja huku huku Afrika. Usisubiri umalize shahada ndipo uandike barua. Na chagua msimamizi kabla ya kuchagua mada: mada itabadilika mara tatu, yeye utakaa naye.

Nimethibitisha dai la Goldbach kwa kurasa mbili. Nikutumie?

Kabla hujatuma, soma kazi yako ukijiuliza ni mstari gani umetumia ukweli kwamba namba hizo ni tasa. Kama hakuna, basi umethibitisha jambo hilo hilo kwa namba zozote zile, zikiwemo zile ambazo kwao dai si la kweli. Ukiupata huo mstari, nitumie. Nitasoma mpaka mahali nitakapokwama.

Nimejaribu lile bao kwa mashimo mawili. Kwa kete 2 nimepata mzunguko mmoja wa hatua 4, kwa kete 3 miwili ya hatua 3, kwa kete 4 mmoja wa hatua 6. Nimekosea?

Hujakosea, hujamaliza. Kwa mashimo mawili, hali zote kwa pamoja ni mara mbili ya idadi ya kete (hilo unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa mistari miwili), kwa hiyo kwa kete 4 ziko 8 na wewe umepata 6. Weka kete 3 shimo A na 1 shimo B, mkono uanzie A. Hatua mbili tu na umerudi. Kwa kete 5 sikuambii.